Laini ya akiba ikifa kimya: namna ya kuichunga kwa zana za ruta

Asubuhi moja faiba ya ofisi niliyokuwa nikiihudumia ilikatwa na watu waliokuwa wakichimba mtaro. Sikuwa na wasiwasi. Pembeni ya ruta kulikuwa na modemu ya 4G niliyoifunga kwa mkono wangu, na siku ile ya kuifunga nilichomoa waya wa faiba mbele ya kila mtu na kurasa zikaendelea kufunguka. Safari hii pia ruta ilihamia kwenye modemu ndani ya sekunde chache, kama nilivyoipangia, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Mhasibu akaja akasimama nyuma yangu, akaiangalia modemu, akauliza, "Fundi, mbona taa yake ni ya kijani?"

Ilikuwa ya kijani kweli. Kifurushi cha data kilikuwa kimekwisha muda wake miezi mitatu nyuma na hakuna aliyekiongeza. Modemu ilikuwa inaelewana na mnara vizuri kabisa. Zaidi ya mnara haikuwa na pa kwenda.

Laini kuu ikifa, watu watapiga kelele ndani ya dakika moja, kwa hiyo ina walinzi wengi. Laini ya akiba ikifa haimuumizi mtu yeyote mpaka siku ile inapohitajika. Ndiyo maana naichunga kuliko ninavyoichunga laini kuu. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia sasa. Mifano ya amri nimeitoa kwenye RouterOS toleo la 7, mfumo wa ruta za MikroTik, kwa kuwa ndio ninaoshinda nao. Mwenye Cisco, pfSense au OpenWrt, ambayo ni mifumo mingine ya ruta, atakuta maelezo yake njiani.

Hatua ya 1: Chora njia zote mbili kwenye karatasi

Andika kila laini inaingilia tundu gani la ruta, lango lake (kifaa cha kwanza ambacho ruta inakikabidhi data) ni anwani ipi, DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) inatoka wapi, na umeme wa kila kifaa unatoka kwenye soketi gani. Hilo la umeme watu hulipuuza. Nimekuta ruta iko kwenye betri ya dharura, halafu kisanduku cha faiba na modemu ya akiba vyote vimechomekwa ukutani pamoja na birika. Umeme ukikatika ruta inabaki macho, peke yake, haina wa kuzungumza naye.

Kama laini zote mbili ni za waya, uliza zinapita wapi. Kampuni mbili tofauti zikipitisha nyaya zao kwenye mtaro mmoja, jembe moja linazikata zote.

Hatua ya 2: Chagua anwani za kupingi

Kupingi ni kutuma ujumbe mdogo kwa anwani fulani na kusubiri ijibu. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kupingi lango. Modemu nyingi za 4G ni ruta ndogo zenyewe, na lango unaloliona, tuseme 192.168.8.1, ni modemu hiyo hiyo iliyo mezani. Itakujibu hata ukiitoa kadi ya simu (SIM) ndani yake. Kupingi lango kunakuambia kwamba waya wa mita moja ni mzima, basi.

Chagua anwani iliyo mbali, nje ya mtandao wa mtoa huduma wako, ambayo haihami na haichoki: 1.1.1.1, 8.8.8.8 na 9.9.9.9, ambazo ni seva za DNS zilizo wazi kwa wote, hutumika sana. Chukua mbili zenye wamiliki tofauti kwa kila laini, ili mmoja akipata hitilafu usidhani laini yako ndiyo mbovu. Ila usichague anwani ambayo kompyuta za watumiaji zinaitumia kama DNS. Sababu utaiona sasa hivi.

Hatua ya 3: Hakikisha pingi inatoka kwenye laini ya akiba

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo mipangilio mingi inapodanganya.

Ukiiambia ruta ipingi 9.9.9.9 bila kusema zaidi, itafuata njia yake ya kawaida, yaani laini kuu. Jibu litarudi zuri, utaandika "akiba nzima", kumbe hujaigusa kabisa. Lazima umlazimishe mjumbe apite mlango wa nyuma. Njia rahisi ni kuweka njia maalumu ya anwani hiyo moja:

/ip route add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.8.1 comment="uchunguzi wa akiba"

Sasa kila pakiti (kipande cha data) inayokwenda 9.9.9.9 itapitia modemu, ikiwemo ya mtumiaji aliyeiweka anwani hiyo kama DNS yake. Siku modemu ikilala, huyo atakwambia intaneti imekufa ilhali laini kuu inapepea. Ndiyo sababu ya onyo la hapo juu.

Kuna mtego wa pili, na huu ulinila miezi. Modemu ikizimika kabisa, tundu lake kwenye ruta linashuka, na njia uliyoiandika inakuwa haifanyi kazi. Ruta haikati tamaa: inatafuta njia nyingine ya kwenda 9.9.9.9, inaikuta laini kuu, na pingi inajibiwa. Yaani laini ya akiba ikifa nusu utaarifiwa, ikifa kabisa utaambiwa ni nzima! Dawa yake ni shimo la kutupia pakiti, lenye umbali (distance) mkubwa kuliko njia halisi, maana ruta huchagua njia yenye namba ndogo:

/ip route add blackhole dst-address=9.9.9.9/32 distance=20

Njia ya kweli ikiwepo, ndiyo inayotumika. Ikianguka, pakiti zinaingia shimoni na pingi inashindwa, kama inavyotakiwa. Usiniamini mimi, chomoa modemu, kisha piga /ping 9.9.9.9 uone. Ikijibu, rudi juu.

Kwenye Cisco kazi hii hufanywa na IP SLA, zana yake ya kupima laini. Unaandika icmp-echo (ndiyo pingi) pamoja na source-interface, halafu track inaangalia matokeo, nawe unayasoma kwa show ip sla statistics na show track. Tahadhari: source-interface inabadilisha anwani ya mtumaji tu. Mlango wa kutokea bado unaamuliwa na jedwali la njia, kwa hiyo njia maalumu ya anwani ile inahitajika huko pia. pfSense imekurahisishia: ukijaza anwani ya kuchunguza kwenye lango husika, inaweka njia yenyewe, na programu ndogo iitwayo dpinger inaanza kupima. Kwenye OpenWrt, kifurushi cha mwan3 hupima kila laini kupitia tundu lake kwa anwani unazoziorodhesha kwenye track_ip, na amri ya mwan3 status inakuonyesha ipi iko juu na ipi iko chini.

Hatua ya 4: Weka mlinzi, na umpe subira

RouterOS ina zana iitwayo Netwatch. Inapingi anwani kwa vipindi na kuendesha skripti (orodha ya amri) hali ikibadilika:

/tool netwatch add host=9.9.9.9 interval=30s timeout=2s down-script="/system script run akiba-chini" up-script="/system script run akiba-juu"

Skripti zenyewe andika unavyotaka: mstari kwenye kumbukumbu za ruta, barua pepe, ujumbe kwa kikundi cha mafundi. Ila ujue Netwatch ina haki chache: kusoma, kuandika, kujaribu na kuwasha upya. Skripti uliyoipa haki zaidi ya hizo haitaendeshwa, na ukiijaribu kwa mkono wako itafanya kazi vizuri, kwa hiyo unaweza kuzunguka nusu siku ukitafuta kosa lisiloonekana. Fungua skripti, ondoa alama kwenye haki zilizozidi.

Vipindi vya kupingi vinataka hesabu kidogo kama laini ya akiba inalipiwa kwa data. Pingi ya kawaida ni baiti 84, kwenda na kurudi 168. Ukipingi kila sekunde unatumia kama megabaiti 14.5 kwa siku, zaidi ya 430 kwa mwezi, na hakuna mtu aliyefungua hata ukurasa mmoja. Ukipingi kila sekunde 30 haifiki hata nusu megabaiti kwa siku. Kwa laini kuu sekunde chache ni sawa, maana unataka kuhama haraka. Akiba haihitaji haraka hiyo. Ukijua ndani ya dakika tano kwamba imekufa, umewahi.

Vizingiti navyo usivikopi kutoka laini kuu. pfSense, kwa mfano, kwa chaguo lake la mwanzo huanza kulalamika jibu likichelewa milisekunde 200 au pakiti zikipotea asilimia 10, na huihesabu laini kuwa imeanguka kwenye milisekunde 500 au asilimia 20. Kwa faiba hiyo ni nafasi tele. Modemu ya simu iliyokaa bila kazi hupumzisha redio yake, na pakiti ya kwanza baada ya usingizi huchelewa sana kuliko zinazofuata. Ukipiga kelele kwa pingi moja iliyochelewa utaamshwa kila usiku, na baada ya wiki mbili utanyamazisha arifa zote, ikiwemo ile ya kweli. Mimi nasubiri ishindwe mara tatu mfululizo ndipo niitangaze imekufa, na ijibu mara tano mfululizo ndipo nikubali imefufuka. Netwatch hiyo ya juu haihesabu hivyo yenyewe. Weka hesabu kwenye skripti, au tumia aina yake ya icmp inayotuma pingi kadhaa kwa mkupuo na kupima asilimia iliyopotea. Hapo tu, rudia hesabu ya data, maana pingi kumi kwa mkupuo ni mzigo mara kumi.

Hatua ya 5: Pingi haitoshi, vuta ukurasa

Baadhi ya mitandao ya simu, kifurushi kikiisha, haikati kila kitu. Huacha pingi zipite, au DNS ijibu, halafu kila ukurasa unaoufungua unageuzwa kuwa ukurasa wa kukuomba uongeze salio. Netwatch itakuwa inacheka muda wote huo.

Kwa hiyo, mbali na pingi, naiagiza ruta ivute faili dogo la HTTPS (wavuti iliyosimbwa, ambayo seva yake huonyesha cheti cha utambulisho) kupitia laini ya akiba kila baada ya dakika 15. Seva ni yangu na ina anwani isiyobadilika, nayo nimeiwekea njia maalumu na shimo lake kama hatua ya 3.

/tool fetch url="https://ukaguzi.example.org/akiba" check-certificate=yes output=none

Badilisha jina hilo la mfano kwa la seva yako, na hakikisha ruta ina vyeti vya mamlaka zinazotia saini, la sivyo itakataa hata seva halali. Kuhakiki cheti ndiko kunakokuokoa na ukurasa wa salio: mgeuzaji hana cheti cha seva yako, kwa hiyo ombi linashindwa, na kushindwa ndiko unakotaka kukuona. Anayetumia HTTP tupu anaweza kupata jibu la 200, yaani "sawa", lenye tangazo la vifurushi ndani yake.

Zoezi hili lina faida nyingine. Upande wa seva unaandika saa ya mwisho ruta ilipobisha hodi. Ikipita nusu saa bila hodi, seva ndiyo inayopiga kengele. Ruta iliyozimika haiwezi kukutumia ujumbe kwamba imezimika, ila ukimya wake unasikika kwa aliye nje.

Hatua ya 6: Soma nguvu ya mawimbi

Kwa laini ya simu, piga:

/interface lte monitor lte1 once

Tazama RSRP (nguvu ya mawimbi yanayofika) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -85 dBm ni nzuri. Ukishuka chini ya -110 uko ukingoni. Lakini namba moja peke yake haina maana kubwa kuliko mabadiliko yake. Modemu iliyokaa kwenye -92 mwaka mzima kisha ikaamkia -108 inakuambia kitu: pengine mtu amesogeza kabati la chuma mbele yake. Andika namba ya siku ya kufunga, ndiyo kipimo chako. Kama modemu ni kifaa cha pembeni chenye ukurasa wake wa mipangilio, soma huko. Ruta haitaziona namba hizo.

Hatua ya 7: Chora grafu

Mwenye ruta moja anaweza kuishia kwenye Netwatch. Mwenye matawi kumi anahitaji kuyaona yote mahali pamoja, na hapo programu za ufuatiliaji kama Zabbix au LibreNMS zinafaa, zikisoma ruta kwa SNMP (lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao). Tumia SNMP toleo la 3, lenye nenosiri na usimbaji, na usiifungulie bandari ya UDP 161 upande wa intaneti hata kwa siku moja ya majaribio. Zile ruta ambazo neno lao la siri la SNMP bado ni "public", za kiwandani, zinatafutwa na maroboti usiku na mchana.

Kitu cha kusoma ni ifOperStatus, inayosema tundu liko juu (1) au chini (2), na ifHCInOctets pamoja na ifHCOutOctets zinazohesabu baiti. Chukua hizo zenye HC. Kaunta za zamani ni za biti 32, zinajaa zikifika baiti 4,294,967,296 na kuanza sifuri; laini ya Mbps 100 ikiwa imejaa inaimaliza kaunta kwa chini ya dakika sita. Ukisoma kila dakika tano, kama LibreNMS inavyofanya kwa kawaida, uko ukingoni kabisa mwa kusoma uongo.

Grafu ya laini ya akiba iliyo salama inachosha kuitazama: mstari mfupi chini kabisa, wenye vipele vidogo vya uchunguzi. Ukikuta mlima, jambo limetokea. Mara nyingi ni laini kuu iliyokufa usiku, ruta ikahama vizuri, watu wakafika kazini, wakafanya kazi bila kujua wako kwenye data ya kulipia, mpaka kifurushi kikaisha saa saba mchana. Kwa hiyo weka arifa mbili tofauti: moja inaposhindwa akiba, nyingine inapoanza kubeba mzigo. Hii ya pili wengi hawaiweki, kwa sababu kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

Hatua ya 8: Chomoa waya, lakini uchomoe ulio sahihi

Mara moja kwa mwezi, saa ambayo watu ni wachache, jaribu kwa kweli. Usichomoe waya kati ya ruta na kisanduku cha faiba. Ukichomoa huo, tundu la ruta linashuka na hata ruta isiyo na uchunguzi wowote itahama. Chomoa faiba yenyewe kwenye kisanduku, taratibu, bila kuikunja wala kuichungulia ncha yake kwa jicho. Hapo tundu la ruta linabaki juu, lango pengine linajibu, na intaneti haipo, ambavyo ndivyo laini zinavyokufa mara nyingi. Uchunguzi wako wa laini kuu ukikaa kimya hapo, umejua la kurekebisha.

Washa saa. Hesabu tangu kuchomoa mpaka ukurasa wa kwanza ufunguke, kisha pitia yafuatayo polepole, maana kila moja limewahi kunikwamisha.

DNS: kama kompyuta zinatumia seva za DNS za mtoa huduma wa laini kuu, huenda seva hizo zikakataa maswali yanayotoka mtandao mwingine. Pingi inapita, kurasa hazifunguki. Iache ruta iwe DNS ya ndani, yenyewe iulize seva zilizo wazi kwa wote.

Simu za mtandaoni: miunganisho ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu ya ruta ikiwa imeandikwa kwa anwani ya laini iliyokufa, na simu zinaendelea kuifuata. Skripti ya kuhama iifute miunganisho hiyo, au simu zitakaa bubu huku kompyuta zikitembea.

Kuingia kutoka nje: laini nyingi za simu hazikupi anwani ya umma. Ukiona anwani ya modemu inaanzia 100.64 mpaka 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma (wateja wengi wanashiriki anwani moja ya umma), na kamera au seva uliyokuwa ukiifikia kutoka nyumbani haitafikika. Kama unahitaji kuifikia, ruta ndiyo ianzishe VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) kwenda nje.

Arifa zenyewe: je, ujumbe wa "laini kuu imekufa" ulikufikia wakati waya bado umechomolewa, au ulikuja baada ya kuurudisha? Ukija baada ya kuurudisha, mtuma ujumbe alikuwa amekwama upande uliokufa.

Kisha rudisha faiba na uangalie kurudi. Ruta inayorudi sekunde ileile pingi ya kwanza inapojibu itakuwa ikiruka huku na huko siku laini kuu inapoyumba, na kila ruko linakata simu zilizopo. Ipe dakika mbili tatu za utulivu kabla haijarudi nyumbani.

Kwenye modemu nabandika kipande cha utepe mweupe, juu kidogo ya ile taa ya kijani. Nimeandika kwa kalamu isiyofutika namba ya laini, tarehe kifurushi kinapoisha, na RSRP ya siku ya kufunga. Chini yake kuna mstari mmoja wa penseli, tarehe ya jaribio la mwisho, ambao naufuta na kuuandika upya kila mwezi.